Chokaa Juu ya Mpunga wa Mama

Alby, Stockholm
Jumapili mchana

Kwa kaka yangu Ambakisye,

Shikamoo kaka. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na kwa sababu unabaki kuwa mkubwa wangu hata wiki hii ambayo mdomo wangu hautaki kukuamkia. U mzima? Shemeji Sekela hajambo? Watoto wanaendelea na shule? Duka linakwenda? Sisi huku wazima wa mwili. Mwanangu Tumpe amerefuka, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, lakini anakula, anasoma, na koti lake la mwaka jana halimfiki tena mikononi. Baridi imeshaingia. Mimi bado nazungukia wazee majumbani kwao, nawaogesha, nawapa dawa na chakula, kisha napanda treni kwenda kwa mwingine. Mgongo unauma ila unanitii. Haya, salamu zimeisha, sasa tuzungumze.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu unazikata. Jumatano uliikata nikiwa katikati ya neno. Alhamisi uliiacha ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe. Ujumbe wa sauti najua utausikiliza nusu huku unampimia mteja misumari, halafu utaufuta. Karatasi haina kitufe. Kuna mtu wa Tukuyu anasafiri wiki hii, atafika dukani kwako na kukukabidhi hii mkononi, na nimemwomba asiondoke mpaka aone umeifungua. Kwa hiyo vuta kiti, na mteja mwambie asubiri.

Umemfanyia nini mama?

Nakuuliza ingawa jibu ninalo, maana nataka ujiulize kwa sauti ukiwa hapo dukani. Jumanne nilipotoka kazini nilimpigia mama. Simu ikapokewa na Mama Lusekelo, jirani, kwa sababu unajua mama humpelekea simu aichaji kwenye sola yake. Nikauliza kama mama yuko karibu.

"Yupo hapa," akasema Mama Lusekelo. "Nampimia mchele, kisha nakupa."

"Mchele wa nini?"

"Wa kula, mwanangu. Ameazima. Nimemwambia asihangaike kurudisha, lakini unamjua."

Nilisimama pale kituo cha treni watu wakinipita. Nilidhani sijasikia vizuri. Mama yetu, ambaye tangu nipate akili sijawahi kuona nyumba yake imekosa mpunga, mama ambaye shamba lake liko bondeni penye maji mwaka mzima, anakwenda na bakuli kwa jirani. Nikadhani mpunga umeungua, au umeibiwa, au panya wamevamia. Nikasema mpe simu.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa ile sauti anayoitumia akiongea na mtendaji wa kijiji. Unaijua ile sauti, kaka. Si ya kwake. Na kabla sijauliza lolote akaanza kujieleza mwenyewe:

"Atu, sijagusa. Alama iko nzima. Kama unataka, nitamwomba Lusekelo apige picha akutumie uone."

"Alama gani, mama?"

"Si ile yenu? Kaka yako kasema ndio utaratibu wa huko uliko. Kasema mmeshakubaliana, mpunga usiguswe mpaka atakapokuja kuufungua. Mimi sina neno, mwanangu. Nyie ndio mmesoma."

Soma hayo maneno mara mbili. Mama yangu alikuwa ananitolea taarifa. Alikuwa anajitetea kwangu, mimi niliyebebwa mgongoni mwake akipalilia huo huo mpunga, ili nisidhani ameiba chakula chake. Na chakula hicho umemfungia wewe, ukatumia jina langu kama kitasa.

Sijawahi kukasirika hivi tangu niondoke Kyela. Nimekasirishwa huku mara nyingi, usidhani ni nchi ya malaika. Kuna mzee mmoja ninayemhudumia ambaye mwanzoni alikuwa anafuta kiti nikishakikalia. Nilikasirika, nikameza, nikamwosha miguu. Lakini yule simjui na hanijui. Wewe tumenyonya ziwa moja.

Hebu nikukumbushe tulichozungumza, maana umekigeuza mpaka hakitambuliki.

Nilikusimulia habari za Mzee Liang. Ni jirani yetu Mchina, anakaa ngazi ya pili kutoka yetu, alikuja huku miaka mingi iliyopita akimfuata mwanawe, akapika hotelini mpaka akastaafu. Chini ya haya majumba yetu, ukishuka kuelekea ziwani, watu hukodi vibustani vya kulima. Mimi nina kimoja, nashirikiana na Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu tunayesali naye. Waswidi wanapanda viazi na maua. Sisi tunapanda maboga kwa ajili ya majani, na wao wanatushangaa kwamba boga lenyewe hatulihangaikii. Mzee Liang yeye alipanda ngano. Aliipanda kabla ya baridi ya mwaka jana, ikalala chini ya theluji, na mwezi wa nane ikawa imeiva, eneo dogo tu, kama sebule yako. Ukimwuliza ya nini, wakati unga umejaa dukani, anasema mikono yake inawasha.

Akaivuna kwa mundu, akaifunga miganda, akaisimamisha ikauke. Halafu akatualika mimi na Mama Furaha tuje tumsaidie kuipura kama walivyokuwa wakipura kwao zamani. Kaka, nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote tangu tumzike baba. Alikuwa ametengeneza sanduku la mbao, mdomo mpana na kitako chembamba, ndani ameegemeza fito zilizopangwa kama ngazi. Unashika mganda, unauinua juu ya bega, unaubamiza kwenye fito, unautikisa punje zidondoke, unaugeuza, unabamiza tena. Sisi tunapigia gogo na pipa, kwa hiyo mkono wangu ulielewa mara moja, na mzee akatikisa kichwa akaridhika. Halafu akanipa kitu kingine, fimbo ndefu ambayo kwenye ncha yake imetungikwa kipande kipana cha fito zilizofungwa pamoja, kinazunguka. Unapunga fimbo, kile kipande kinapinduka na kulala chapa juu ya masuke. Mkononi mwake kilikuwa kinaongea. Mkononi mwangu kilizunguka kikanichapa kisogoni, na Mama Furaha alicheka mpaka akakaa chini.

Kupepeta ndiko tulikobishana. Yeye anapepeta kwa koleo la mbao. Anasubiri upepo, anaunusa, kisha anairusha ngano juu upande upande, punje zinaanguka mstari mmoja na makapi yanakwenda zake. Yalikwenda kutua kwenye stroberi za Mswidi wa kibustani cha jirani, akaja amewiva uso akitusomea kanuni. Nikamwambia Mzee Liang, huko ni kumwaga, ngoja nikuonyeshe kupepeta. Nikapanda nyumbani, nikaangua ule ungo wa mama niliouning'iniza sebuleni kama picha, nikarudi nao. Nilikuwa na hofu nimesahau. Sikuwa nimesahau. Mzee aliweka koleo chini akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akaomba aushike ungo, akaugeuza-geuza kuona ulivyosukwa. Akatueleza kuwa kwao kuna mashine ya mbao yenye pangaboi tumboni na mkono wa kuzungusha: unamwaga nafaka juu, punje nzito zinatokea tundu la kwanza, pungufu zinatokea la pili, makapi yanatupwa nyuma. Na jiwe la duara linalovutwa na ng'ombe kuzunguka uwanja. Na kinu cha kutwangia kwa mguu, gogo refu lenye mchi mbele, wewe unakanyaga nyuma unaachia. Tulikuwa tunaelezana kwa Kiswidi chetu kibovu, wote watatu, na bado tulielewana.

Mwisho akailundika ngano juu ya shuka, akaisawazisha kwa mgongo wa koleo, akatoa kisanduku kidogo alichokichonga. Kitako chake kimetobolewa herufi ya Kichina. Akakijaza majivu, akakiweka juu ya lundo, akakigonga mara moja, akakiinua. Herufi ikabaki pale juu ya ngano, ya kijivu, safi. Akasema zamani ghala lilikuwa linafungwa hivyo. Mtu akichota hata konzi moja, punje zinateremka na herufi inavunjika, na mwenyewe akija anajua. Tukacheka. Hapo ndipo nilipokupigia kwa video, nikakuonyesha, nikasema, "Kaka, ona kufuli la Wachina, halina ufunguo."

Ukauliza maswali. Kama majivu hayapeperuki. Kama mtu hawezi kuirudishia. Alama igongwe mara ngapi, na pande zipi. Nami mjinga nikakujibu yote, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza uniulize jambo kuhusu maisha yangu ya huku lisilokuwa la kutumiwa kitu. Nilipokata simu nilimwambia Mama Furaha kwamba kaka yangu amebadilika, siku hizi anasikiliza.

Kumbe ulikuwa unachukua vipimo.

Ukaenda kwa fundi seremala, akakuchongea kisanduku chenye herufi za jina lako. Si za mama. Si za baba. Za kwako. Ukafika kwa mama ukaamuru magunia yafunguliwe, mpunga umwagwe chumba cha nyuma uwe lundo moja, ili herufi zako zipate pa kukaa. Na majivu hukuyaona yanatosha. Ulitumia chokaa ya dukani kwako. Chokaa, Ambakisye, ya kupakia ukuta, juu ya chakula. Mama aliniambia hilo kama jambo la kawaida tu, akasema, "Ameipiga vizuri, inaonekana hata gizani."

Jumatano nilipokupata, nilijizuia. Nilikuuliza taratibu kabisa kwa nini. Ukaniambia mama hana breki. Ukasema kila anayebisha hodi anaondoka na debe, kila msiba lazima apeleke, mwanamke akijifungua upande wa pili wa mto mama anajua kabla ya mkunga na mpunga umeshatoka. Ukasema mwaka huu mpunga wa msimu uliopita uliisha kabla ya mavuno, ukalazimika kumnunulia, na kwamba ukisubiri bei ipande mtapata kitu cha maana cha kuezekea nyumba upya. Nikakuuliza huo mpunga uliisha kwa nini. Ukarudia habari za bei. Basi nikujibu mimi. Uliisha kwa sababu mwanzoni mwa mwaka tulimzika baba. Watu walilala pale uwanjani wiki nzima, wakala. Mpunga uliliwa na waliokuja kumlilia baba yako. Hata wewe ulikula, nilikuona, ulikula vizuri. Mimi pia nilikula.

Ukasema, "Wewe uko mbali, huwezi kuelewa." Nikasema mbali ninaona vizuri kuliko wewe uliyeko hapo. Ukakata.

Kuhusu breki, sikatai kwamba mama anatoa. Anatoa sana. Mimi mwenyewe nilipokuwa binti nilikuwa nanuna nikiona mtu anaondoka na mpunga niliousaidia kuubeba. Lakini umewahi kukaa ukafikiri kwa nini mwaka ule mafuriko yalipochukua bonde zima hatukulala njaa? Nani alituletea? Wale wale. Walikuwa wanakuja mmoja mmoja jioni na ungo umefunikwa kitambaa, bila kusema kitu, na mama anapokea bila kusema kitu. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ulikuwa unakula ugali wa serikali. Sisi tulikula mikono ya watu. Ungempigia chokaa mwaka ule?

Na nani aliulima huo mpunga? Nakuuliza kweli, maana labda nimesahau. Nani aliinama kwenye maji kupandikiza? Nani aliamia ndege? Nani alipura, mgongo ule wa miaka sabini? Shemeji Sekela alikwenda kumsaidia, Mungu ambariki. Wewe ulifika siku ya kufunga magunia, umevaa viatu vyako vya ngozi, ukasimama kwenye ukingo wa turubai usije ukachafuka. Nina ile picha, ulinitumia mwenyewe, ukaandika "mavuno yetu".

Ninachoshindwa kumeza kabisa ni kwamba hukuwa na ujasiri wa kusema ni wewe. Ungemwambia mama, "Mimi mwanao wa kwanza nimeona hufai kushika chakula chako," angekutazama, mngemalizana hapo hapo mlangoni. Hukuweza. Ukanisukumia mimi nisiyekuwepo, ukasema ni mambo ya Ulaya, ni utaratibu wa kisasa, Atu ameona wanafanya hivyo. Ulijua mama hatabishana na mtoto wake wa mbali. Kila nikipiga simu anavyojitahidi nisikie kila kitu ni kizuri, ndivyo alivyojitahidi na hili. Tangu umeipiga ile alama ameongea nami mara kadhaa, akaniambia mvua zinakaribia, kanisa limepata bati, kuku wametotoa. Hakuniambia kwamba anaazima mchele. Alikuwa ananificha, akidhani ndio mimi niliyemfungia.

Nilimwambia si mimi. Nilimwambia mara tatu, nikalia, nikaapa. Akasema, "Haya, mwanangu." Unaijua "haya" ya mama. Ni ile anayowapa watu anaotaka wasijisikie vibaya. Hakuniamini, na ana haki, kwa sababu video aliiona. Kumbe ile simu uliirekodi, ukamwonyesha nikicheka mbele ya lundo la ngano lenye alama. Nilivyocheka, nani ataamini sikukutuma?

Mama Furaha nilimsimulia Ijumaa, tulipokuwa tunafunika kibustani kwa ajili ya baridi. Nilikuwa nachimba kwa nguvu mpaka akaninyang'anya jembe. Akasema, "Mama mwenye kulima, arudie kuomba kwa jirani? Miye bintu bile sijaisikia, hata kwetu kwenye vita." Halafu akaniuliza kama Mzee Liang anajua. Nikasema hajui. Akasema nimwambie, kitu ni chake.

Nilikwenda jana. Nilikwenda na hasira, kaka, nakuambia ukweli. Nilitaka kumwuliza kwa nini alinionyesha ule upuuzi. Alinipa chai, nikaiacha ipoe, nikamweleza yote. Alisikiliza akitazama meza. Nilipomaliza akasema, "Baba yangu ndiye aliyeshika kile kisanduku."

Akanieleza polepole, akitafuta maneno. Kijijini kwao alipokuwa mtoto mavuno yote yaliwekwa ghala moja, ya watu wote. Baba yake alichaguliwa kuwa mshika alama kwa sababu hakuwahi kusema uongo. Kila jioni anapiga, kila asubuhi anakagua. Mama yake alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakipura mpunga wa ghala hilo. Ukaja mwaka wa njaa. Mpunga uliokuwamo ghalani ulikuwa umeshaahidiwa kupelekwa kwingine, usiguswe mpaka uje kuchukuliwa. Nyumbani walikula majani, kisha magome ya miti. Mama yake alimwomba baba yake konzi moja tu, ya uji wa mtoto wao mdogo wa kike. Baba akasema alama itavunjika.

Mtoto alikufa.

Nikamwuliza, na alama je? Akasema, "Nzima. Baba aliikagua asubuhi ile ile." Watu walimsifu baba yake, alisema, mpaka mwisho wa maisha yake walimsifu. Na mama yake hakumpakulia tena chakula kwa mkono wake. Anaweka chungu katikati, kila mtu ajipakulie.

Nikamwuliza sasa kwa nini alikichonga tena, mzee mzima, huku Uswidi. Akasema alitaka akione kikichezewa, kabla hajafa. Akasema, "Ulicheka. Nilifurahi ulivyocheka."

Sisemi wewe ni kama yule baba. Yule alikuwa anatetemekea watu wenye nguvu kuliko yeye, na kitu hakikuwa chake. Wewe unamtetemekea nani? Hakuna aliyekutuma. Kyela haina njaa, mwaka huu mpunga umejaa mpaka watu wanakosa magunia. Ndiyo maana nimekasirika zaidi baada ya kumsikiliza, si kidogo.

Najua ukifika hapa umeshaanza kusema moyoni kwamba mdogo wako amekuwa mkali kwa sababu ya Ulaya, kwamba nimejifunza huku kuwajibu wakubwa. Hapana. Hasira hii nimetoka nayo nyumbani. Ni ya mama mwenyewe, ila yeye hawezi kukutolea wewe, kwa sababu siku baba alipozikwa, mbele ya wazee, alisema wewe ndiye umebaki kuwa baba wa nyumba. Alikupa heshima ile kwa mdomo wake. Hakudhani utaanza nayo jikoni kwake.

Nisalimie sana shemeji Sekela, umwambie nguo za kitenge alizonitumia nimezivaa kanisani na watu wameuliza. Nisalimie watoto wote, na yule mdogo anayependa magari mwambie shangazi anamtafutia. Nisalimie baba mdogo, mwambie namwombea mguu upone. Ukipita kwa Mama Lusekelo, kampe shukrani zangu kwa ule mchele, na umpe wewe mwenyewe, kwa mdomo, mbele za watu kama wapo. Mama usimsalimie kwa niaba yangu. Mama nitamsalimia mwenyewe, na kwanza mwambie kuwa sikujua. Umwambie ni wewe peke yako. Useme hivyo hivyo, "ni mimi peke yangu," usichanganye na habari za bei.

Halafu sikiliza, kaka. Usiende kuifuta ile chokaa. Najua ndilo litakalokujia kichwani, kuingia na fagio, kuifuta, kusema haya mama, sasa kula. Usithubutu. Ukiifuta wewe utakuwa umemruhusu, na mama haombi ruhusa yako. Jumapili baada ya ibada nenda ukiwa na njaa. Usipeleke nyama, usipeleke sukari, usipeleke soda. Kaa jikoni kwenye kigoda, si sebuleni kwenye kiti cha baba, useme, "Mama, naomba wali." Kisha unyamaze. Ataingia chumba cha nyuma mwenyewe, atachota anapotaka, kiasi anachotaka, na jina lako litaporomoka na wewe utakuwa umekaa unasikia punje zinavyoteremka. Kutwanga kutachukua muda, usitazame saa. Lakini kabla hajashika mchi, atakapotoka na ungo, itazame mikono yake. Itakuwa na chokaa. Inuka umletee maji anawe.

Mdogo wako,
Atupele